Nazi Iliyokunwa Bado ni Nazi

Juma lililopita mzazi mmoja wa Mkomani, hapa Lamu, aliniandikia akiuliza amsaidieje binti yake, ambaye amefunzwa kwamba badiliko lolote lisiloweza kurudishwa nyuma ni la kikemikali. Swali hilo lilinitonesha kidonda cha zamani, kwa kuwa mwalimu wangu mmoja aliwahi kunikata alama, darasa zima likisikia, kwa kuandika kwamba kukuna nazi ni badiliko la kimaumbile. Aliniuliza kwa kejeli kama naweza kuirudisha nazi kifuuni. Siwezi hata leo, lakini jibu langu lilikuwa sahihi: tui na chicha vilikuwamo kabla mbuzi haijaigusa nazi, na kifumbu hakikufanya ila kuvitenganisha.

Basi tujiulize kama kimezaliwa kitu ambacho hakikuwapo: kikizaliwa, badiliko ni la kikemikali; kisipozaliwa, ni la kimaumbile. Sukari ikikorogwa majini haionekani tena, lakini maji yakikauka juani utaikuta sahanini. Ukiibandika motoni katika sufuria kavu, itageuka kahawia, itoe harufu nyingine na hatimaye iwe chungu, na uchungu huo haukuwamo ndani yake.

Mahamri ndiyo somo nilipendalo, na wanaokula yangu hawajawahi kulalamika. Hamira hula sukari iliyomo ungani ikatoa hewa ya kabonidioksaidi, nalo ni badiliko la kikemikali. Donge likitiwa katika mafuta ya moto, hewa hiyo na mvuke hutanuka, hamri likafura, na kufura huko ni badiliko la kimaumbile tu. Papo hapo ganda hupiga wekundu kwa kuwa sukari na protini zinaungana, mmenyuko ambao Mfaransa Louis Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Anayetaka jibu la neno moja kuhusu karai hilo anajidanganya.

Mapovu nayo yasiwahadae: maji yachemkapo, kinachopanda ni mvuke, yaani maji yale yale, ilhali ndimu ikikamuliwa juu ya magadi, povu hufoka kwa hewa mpya.

Wazazi wenzangu, waiteni watoto jikoni, wavulana kwa wasichana, wanuse na waonje kabla ya kukariri. Wapeni vikombe viwili vya maziwa yaliyochemshwa yakapoa, kimoja kiingie kwenye friza, kingine kitiwe kijiko cha mtindi na kufunikwa hadi asubuhi. Vyote vitaganda, waonje cha pili, kisha waeleze uchachu ule umetoka wapi.