Mhusika anapozama kwenye ukuta

Ndugu, umeuliza kwa nini mhusika wa katuni yako haonekani vizuri ilhali shati lake ni jekundu na ukuta ulio nyuma yake ni wa kijani. Shida ni kwamba nyekundu hiyo na kijani hicho vina giza sawa. Igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu yako: ukiona kijivu kimoja tu, hapo ndipo anapozama. Fifisha ukuta, au shati liwe na giza zaidi. Mimi sigusi rangi kabla ya kujaribu hivyo.

Hergé wa Ubelgiji, mchoraji wa katuni za Tintin, alipaka rangi bapa, karibu bila vivuli, mistari safi ikabeba umbo, na kila kitu kinasomeka. Rangi tatu au nne kwa ukurasa zinatosha. Ile kali zaidi mwekee anayezungumza.

Na viputo vya maneno, tafadhali, vitengee nafasi mapema, ukiwa bado kwenye penseli. Anayeanza kusema akae kushoto, kiputo chake kiwe juu zaidi, maana ndivyo jicho letu linavyosoma. Kwenye fremu yako ya tatu jibu limetangulia swali, na kichekesho kizuri kabisa kimepotea.