Praima imekauka kama mchanga, askari wangu watapona?

SWALI: Shikamoo Fundi. Kaka yangu aliyeko Uingereza ameniletea boksi la askari wadogo wa Kirumi, wa plastiki, milimita 28, wa kuunga mwenyewe kwa gundi. Nimeshaunga 12. Jumamosi mchana niliwatoa barazani nikawapuliza praima nyeupe ya kopo, ile rangi ya msingi inayotangulia rangi nyingine. Ilipokauka, nikipitisha kidole ni kama nimeshika msasa. Nikipaka rangi nzito juu yake, itafichika? Au ndiyo nimewaharibu?
– Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujawaharibu, ila hiyo rangi nzito iweke pembeni kwanza. Rangi haifukii chembe, inazivalisha tu. Ukija kupitisha rangi ya kivuli, ile nyepesi ya kutia giza kwenye mikunjo, itajikusanya kuzunguka kila chembe, na askari wako atatoka na vipele uso mzima.

Nimepuliza magari gereji kwa miaka mingi kabla sijashika sanamu hizi ndogo, na tatizo lako nalijua. Tulikuwa tunasema rangi imekauka njiani. Inatoka kwenye kopo ikiwa matone mabichi, lakini kwa jua la mchana na upepo wa Kaskazi hapo barazani, thina inapotea hewani kabla tone halijafika. Kinachotua kwenye plastiki ni vumbi. Ukisimama mbali, ndiyo inazidi.

Sasa shika askari mmoja, mmulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, si kwa mbele. Chembe zote zitatupa kivuli na utaziona. Chukua mswaki mkavu, mgumu kidogo, umsugue. Vumbi ambalo halijashika litatoka lenyewe, na mara nyingi hiyo inatosha kwa nusu ya kazi. Kilichobaki kwenye ngao na joho, sehemu zilizo bapa, kikwangue taratibu kwa msasa wa maji namba 1000 uliolowa. Kwenye deraya usihangaike, zile pete ndogo ndogo zinameza ukwaru wote.

Uso ndio unaoniuma. Uso wa askari wa milimita 28 ni mdogo kuliko punje ya dengu, msasa hauingii. Kama pua na macho yamejaa chembe, vua praima yote uanze upya. Tumia isopropili, ile ya kusafishia simu, lakini soma kopo kabla hujanunua, maana mafundi simu wengine wanatumia thina. Mimi niliwahi kumtumbukiza mpanda farasi wa plastiki kwenye thina ya gereji, nikaja kuokota kitu laini kama ubani uliotafunwa. Asetoni nayo ni hivyo hivyo kwa plastiki hii. Mloweke askari kwenye isopropili kama saa moja, msugue kwa mswaki, rudia ikibidi. Vaa glavu, na jiko liwe mbali kabisa.

Ukikosa isopropili, Dettol ya kahawia, bila kuongeza maji, inafanya kazi. Mlaze humo usiku kucha. Ila sikiliza vizuri hapa: unapomsugua, suuza mswaki kwa Dettol hiyo hiyo mpaka rangi iishe. Maji yakigusa mapema, rangi inageuka ulimbo unaonata kila kona. Maji na sabuni ni mwisho kabisa.

Kupuliza tena, ngoja saa tatu asubuhi, umande umekauka na upepo haujachangamka. Kaa kivulini, askari ndani ya katoni iliyokatwa upande mmoja, wewe na barakoa. Tikisa kopo dakika mbili nzima baada ya kusikia gololi inagonga. Umbali ni shibiri moja, kama sentimita 20 hivi. Anza kubonyeza kabla hujamfikia askari, mpite, achia ukishamvuka. Koti la kwanza liwe jepesi, plastiki ionekane bado. Likikauka, pitisha la pili.

Jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki. Rangi inapotua iwe na unyevu unaong'aa kwa sekunde chache, kisha ififie. Ikitua kavu papo hapo, sogea karibu au acha mpaka kesho. Kijiko kikikubali, anza na yule askari unayepanga kumweka safu ya nyuma.