Macho Mazima, Dunia Inacheza: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Sikio la Ndani

SWALI: Habari za kazi. Mwaka jana nililazwa kwa maambukizi makali, nikachomwa sindano za jentamaisini kwa wiki mbili. Tangu nitoke, nikitembea mabango ya barabarani yanarukaruka hata siwezi kuyasoma, nikisimama yanatulia. Nimebadilisha miwani mara mbili bila nafuu. Macho yangu yana nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pole sana. Yaelekea macho yako hayana kosa. Kinachotakiwa kupimwa ni sikio la ndani.

Mwombe mtu asiye na tatizo hili hapo nyumbani ajaribu hivi. Aandike herufi kwenye kadi na kuishika mbele yake, mkono umenyooka. Akiitikisa kadi kulia na kushoto mara mbili kwa sekunde huku kichwa kimetulia, herufi itavurugika. Kisha kadi itulie, atikise kichwa kwa kasi ileile. Herufi itasomeka vizuri. Ukijaribu wewe, huenda ikavurugika mara zote mbili.

Tofauti hiyo inatoka sikioni. Kila sikio lina mifereji mitatu iliyopinda, yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji yanachelewa kidogo na kuinamisha vinyweleo vya seli za hisia. Ishara hupitia shina la ubongo hadi kwenye misuli ya macho, nayo macho yanageuzwa upande wa pili kwa kiasi kilekile. Yote haya huchukua takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Kufuata kitu kwa kukitazama tu ni polepole mno, ndiyo maana kadi inayotikiswa haisomeki. Unapotembea, kila hatua inakitikisa kichwa, na wewe huna tena wa kuyasahihisha macho.

Jentamaisini inaweza kuua seli hizo za hisia, kama ilivyo kwa streptomaisini iliyotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu. Mara nyingi usikivu hubaki mzuri, hivyo hakuna anayelishuku sikio. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani, aliyedhurika kwa streptomaisini, aliandika kwamba ili asome kitandani ilibidi akibane kichwa kwenye vyuma vya kitanda, kwa kuwa mapigo ya moyo peke yake yalitosha kuzirusha herufi.

Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mwambie jina la dawa uliyochomwa na uombe usomeshwe chati ya macho mara mbili, kichwa kimetulia na kichwa kikitikiswa. Ukipoteza mistari mitatu au zaidi kichwa kinapotikiswa, mashaka juu ya sikio yanaongezeka sana. Seli zilizokufa hazirudi, lakini ubongo hufundishika. Bandika herufi ukutani usawa wa macho, ikazie macho, geuza kichwa kulia na kushoto kwa dakika moja, kisha juu na chini kwa dakika moja. Rudia mara nne au tano kwa siku. Anza umekaa. Nenda kwa kasi ambayo herufi iko karibu kuvurugika: ukienda taratibu mno ubongo haujifunzi kitu.

Acha taa ya usiku ikiwaka njia ya chooni, maana gizani unabakiwa na miguu tu kukusaidia. Usiogelee peke yako, hasa baharini. Chini ya maji unaweza kushindwa kujua juu ni wapi. Na kila unapotibiwa, sema mapema kwamba dawa za kundi la jentamaisini zilikudhuru.

SWALI: Mama yangu ana miaka 61. Akigeukia kulia kitandani, chumba kinazunguka kama nusu dakika, kisha basi. Amepewa vidonge vya kizunguzungu, havisaidii. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hiyo ni sura ya chembe za chokaa za sikio la ndani zilizotoka mahali pake na kuingia kwenye mmoja wa mifereji ile iliyopinda. Akigeuka zinateleza, mfereji unatangaza mzunguko usiokuwepo, macho yanachezeshwa, naye anaona chumba kinazunguka. Vidonge vinapunguza kichefuchefu lakini havihamishi chembe.

Daktari athibitishe kwanza ni sikio lipi, kwa kumlaza ghafla kichwa kikiwa kimegeuzwa na kuyatazama macho. Ikiwa ni la kulia, mbinu ya Epley, ya kuzitoa chembe kwenye mfereji, ni hii. Akae kitandani, mto uwe nyuma ili akilala ukae chini ya mabega. Ageuze kichwa kulia nyuzi 45, alale chali haraka, kichwa kining'inie kidogo. Asubiri sekunde 30 hadi 60, kizunguzungu kiishe. Bila kukiinua, ageuze kichwa nyuzi 90 kushoto, asubiri tena. Alalie ubavu wa kushoto, uso ukitazama chini, asubiri. Kisha aketi taratibu. Kosa la kawaida ni kuinua kichwa katikati ya hatua: chembe zinarudi nyuma ndani ya mfereji. Mwenye shida ya shingo asifanye nyumbani.

Kizunguzungu cha ghafla kikija na kuona vitu viwili, ulimi mzito, uso kupinda au kushindwa kusimama, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Hicho kinaweza kuwa kiharusi.

SWALI: Kwa nini nikisoma simu kwenye basi natapika, lakini dereva hatapiki? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Macho yako kwenye simu yanasema umetulia, sikio linasema basi linakata kona, na ubongo unavurugwa na taarifa hizo mbili. Dereva anaiona kona kabla haijafika. Kaa mbele, tazama mbali barabarani, egemeza kichwa kwenye kiti. Dawa ya safari humezwa kabla ya kuondoka. Ukishaanza kutapika, tumbo halifyonzi vizuri. Nyingi kati ya hizo zinaleta usingizi, kwa hiyo usizimeze kama ni wewe utakayeshika usukani.