Jua la ufukweni lisikudanganye: maporomoko ya Mauritius

Siku yangu ya pili Mauritius niliiharibu mwenyewe. Nilifikia Flic en Flac, pwani ya magharibi, na asubuhi ile jua liliwaka kama la Tanga mwezi wa Januari. Nikajiambia leo ndiyo leo. Nikavaa kaptura na ndala, nikabeba chupa moja ya maji, nikabadilisha mabasi hadi Vacoas na kutoka hapo nikapanda la Henrietta, kijiji ambako watu huanzia kushuka kwenye maporomoko ya Tamarin. Niliposhuka nikakuta ukungu, rasharasha na baridi ya kujikunyata. Nilisimama pale kituoni nikiwa mtu pekee aliyevaa kwa ajili ya kuogelea.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, urefu wake kilomita 65 hivi, lakini hali ya hewa yake si moja. Pepo za kusini-mashariki, ndugu wa kusi yetu, hutoka baharini zimejaa unyevu, zikapanda uwanda wa juu katikati ya kisiwa na kumwaga mvua huko. Uwanda huo hupata kama milimita 4,000 kwa mwaka. Pwani ya magharibi, ambako hoteli nyingi zipo, haifiki hata 1,000. Na maji unayoyafuata kwenye maporomoko yanatoka huko juu. Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari, usimuulize mwenyeji wako kama kesho jua litawaka. Muulize kule Curepipe, mji wa huko juu uwandani, leo mvua ilinyesha vipi. Ukisikia imenyesha mchana kutwa, kesho nenda kaoge baharini.

Tamarin ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo yenye hatari zaidi. Wanaiita maporomoko saba. Ukianza kuhesabu na yale madogo utapita saba, na wenyeji wenyewe hubishana. Pale kituoni Henrietta waongozaji huwa wanasubiri, wengine wanakuandama kama mawakala wa mabasi wa Ubungo enzi zile. Usiudhike, chukua mmoja. Mimi nilikuwa nimepanda hadi Materuni kule Moshi nikadhani mambo haya nayajua, lakini korongo hili lina njia nyingi zinazogawanyika vichakani, na baadhi zinaishia ukingoni. Kabla hamjapiga hatua patana naye bei, mtafika poromoko la ngapi, na mtarudi kwa njia ipi. Hilo la mwisho nililisahau. Kushuka ni utelezi na kicheko, kupanda ndiko nilikomkumbuka Mola.

Wa kwangu alizitazama ndala zangu, akatikisa kichwa, kisha kila hatua akawa ananiambia "dousman, dousman", yaani polepole kwa Kikrioli chao. Mawe yale ni ya volkano, meusi, yameota ukoga. Ndala moja ilinitoka kwenye poromoko la pili, nikaiona inavyoelea kuelekea bahari ya Hindi. Vaa raba zenye meno, na zile kuukuu ndizo bora kwa sababu zitalowa.

Tulikuwa tumekaa kando ya bwawa, mimi najiandaa kuingia majini, mwongozaji akasema tunaondoka. Nilikasirika, maana nilikuwa nimeshalipa. Akanionyesha: maji yaliyokuwa ya kijani yalianza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, na majani makavu na vijiti vilikuwa vinapita. Juu yetu hata mvua hapakuwa nayo. Tukapanda. Tulipogeuka kutazama, jiwe tulilokuwa tumekalia halikuonekana tena. Tangu siku ile nikiwa kwenye mto wowote wa korongo natazama rangi kwanza, nasikiliza kama mngurumo umebadilika, na nikiwa na shaka natoka bila kumsubiri mtu anishawishi.

Jambo jingine linalosemwa kidogo: ukiwa na kidonda, usiogelee. Mkojo wa panya huingia mitoni, hasa baada ya mvua, nao huleta ugonjwa wa leptospirosisi. Ukirudi nyumbani ukashikwa na homa na maumivu ya misuli, usikimbilie kudhani ni malaria tu. Mwambie daktari uliingia mtoni.

Kama umesafiri na wazazi au watoto wadogo, achana na Tamarin, nenda Chamarel. Maji yanaanguka karibu mita 100, unayatazama ukiwa kwenye kibaraza, na mbele kidogo kuna ule udongo wa rangi saba. Ni pazuri, ila nusu saa inatosha. Poromoko la Rochester, karibu na Souillac, ni fupi lakini miamba yake imejipanga kama matofali, na unafika kwa kupita katikati ya mashamba ya miwa. Vijana huruka kutoka juu kisha wakakuomba chochote. Usiruke wewe.

Kuhusu majira, Januari hadi Machi ni wakati wa vimbunga, siendi. Pia wakati wa Maha Shivaratri, sikukuu ya Wahindu ya Februari au Machi, barabara za kwenda ziwa la Grand Bassin hujaa mahujaji wanaotembea kwa miguu, na gari lako litatambaa. Mimi nachagua Mei au Juni. Maji bado yapo, njia zimeanza kukauka, na huko juu Plaine Champagne mapera madogo mekundu yanakuwa yameiva. Watu husimamisha magari wakachuma, na wengine huyauza kando ya barabara kwa chumvi na pilipili, sawasawa na embe mbichi za Forodhani. Nilikula mfuko mzima nikiwa na ndala moja mguuni.