Intaneti Katikati ya Bahari

SWALI: Mwezi ujao nitasafiri kwa meli ya kitalii kwa siku saba. Nitawasilianaje na familia bila kurudi na deni?

JIBU: Kabla meli haijang'oa nanga, weka simu katika hali ya ndegeni, kisha washa waifai peke yake. Usipofanya hivyo, minara ya nchi kavu ikishapotea, simu inaweza kujiunga yenyewe na mtandao wa simu wa melini, ambao vifurushi vingi vya kawaida haviugharimii, na picha zinazojipakia usiku, wewe ukiwa umelala fofofo, zikakuletea ankara ya kutisha. Waifai ya meli hupitia setilaiti. Setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya dunia huchelewesha sauti hata mkawa mnakatizana maneno, hivyo ujumbe wa maandishi ni afadhali. Kifurushi cha waifai hiyo, aghalabu, huwa nafuu kikinunuliwa kabla ya safari.