Kubadilishiwa vali ya moyo kwa katheta: mengi huamuliwa kabla ya siku yenyewe

Mgonjwa ambaye vali yake ya aota (mlango wa damu itokayo moyoni kwenda mwilini) imekakamaa, huku umri umekwenda na figo au mapafu hayako sawa, mara nyingi hastahimili kupasuliwa kifua. Tangu daktari wa moyo Alain Cribier afanikishe njia ya katheta (mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mishipa ya damu) huko Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, vali mpya huweza kupitishwa kwenye ateri ya kinena. Ndugu huulizia sana siku ya kuwekwa vali. Sisi tunasema ulizieni vipimo kwanza.

Eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, huonyesha ukubwa wa ugonjwa: ukiwa mkali, tundu la vali huwa sentimita 1 ya mraba au chini yake, na kwa kawaida damu hupita kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde au zaidi. CT-Scan ndiyo huchagua saizi ya vali. Pete inayoibeba ina umbo la yai, kwa hiyo kupima upana wa upande mmoja hakutoshi. Hupimwa mzingo na eneo lake lote. Vali ikiwa ndogo, damu huvuja pembeni, au vali yenyewe huhama. Ikizidi ukubwa, pete huweza kupasuka, na hapo kumwokoa mgonjwa ni kazi ngumu mno. Picha hizohizo huonyesha kama ateri za kinena zinapitika. Zikiwa nyembamba sana au zimejaa chokaa, hutafutwa njia nyingine, kwa mfano chini ya mtulinga.

Dawa ya rangi ya CT huelemea figo, basi majibu ya kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) yawepo mapema. Meno mabovu yatibiwe kabla, maana bakteria wa kinywani huweza kushambulia vali mpya. Dawa ya kuzuia damu kuganda isisitishwe bila daktari kusema.

Ulizeni pia kuhusu ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Nyaya za umeme wa moyo hupita jirani kabisa na vali hiyo, na fremu ya vali mpya huweza kuzikandamiza. Mwenye hitilafu ya tawi la kulia la nyaya hizo tangu awali yuko karibu zaidi na kuhitaji betri ya moyo. Hitilafu ya umeme wa moyo huweza kujitokeza siku kadhaa baada ya vali kuwekwa, mgonjwa akiwa nyumbani: akipata kizunguzungu kikali au akizimia, arudishwe hospitali saa hiyohiyo, asisubiri tarehe ya kliniki. Kinena kikivimba ghafla, kikandamizwe kwa nguvu njia nzima ya kwenda hospitali.