Kanuni moja ikibadilika, mfumo mzima unayumba

SWALI: Dada, shikamoo. Natunza mfumo wa mauzo na ankara niliourithi kwa wenzangu walioondoka. Kila idara ya fedha ikibadilisha kanuni ya punguzo, wiki mbili zangu zinakwisha: nikirekebisha hapa, pale panaharibika. Safari iliyopita ankara za mwaka jana zilianza kuonyesha jumla tofauti na pesa aliyolipa mteja. Mkuu wangu anataka tuuandike upya, na kila kitu kiwe kwenye mipangilio ili msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, usiguswe tena. Nimkubalie?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimkubalie bado.

Tuanze na ankara za mwaka jana, maana hilo ndilo linalonikera zaidi. Fungua jedwali la punguzo. Nadhani utakuta kila aina ya mteja ina mstari mmoja, na kiwango kikibadilika kutoka asilimia 5 hadi 7, mtu anafuta 5 na kuandika 7. Kisha programu inapiga hesabu upya kila ankara inapofunguliwa. Ongeza safu mbili: “kuanzia” na “hadi”. Kiwango kipya kipate mstari wake, cha zamani kisifutwe kamwe, na programu iulize kiwango gani kilikuwa kikitumika siku ya mauzo, si leo. Ankara ikishatolewa, jumla yake ihifadhiwe kama ilivyo. Hapo hata idara ya fedha ikikuletea kiwango cha miezi mitatu ijayo, unakiingiza leo na kinaanza kazi chenyewe siku yake ikifika.

Sasa hizo wiki mbili. Tafuta punguzo linakokotolewa wapi na wapi. Katika mfumo mmoja niliowahi kukabidhiwa nilipata sehemu 11: skrini ya mauzo, uchapaji wa ankara, ripoti ya mwezi, na kadhalika. Mbili kati ya hizo zilikadiria desimali kabla ya kodi, nyingine zote baada ya kodi. Sikuthubutu kuziunganisha kwa siku moja. Nilichukua mauzo halisi ya zamani, nikaandika majaribio, yaani programu ndogo za ukaguzi, yanayoshika jibu la kila sehemu, ndipo nikazihamishia sehemu moja, moja baada ya nyingine. Mtaalamu wa programu David Parnas alilieleza jambo hili mwaka 1972: usigawe programu kwa kufuata hatua za kazi, igawe kwa kufuata maamuzi yanayoelekea kubadilika, kila uamuzi ufichwe ndani ya moduli yake, yaani kipande chake cha programu. Kumbuka pia hekaheka za kuelekea mwaka 2000, pale mifumo mingi ilipokuwa ikiandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Kuongeza tarakimu mbili kwenye mwaka ni kazi ndogo; kilichowatoa watu jasho ni kuzisaka tarehe zilizotapakaa kila kona ya mifumo.

Kuhusu kuweka kila kitu kwenye mipangilio, nimeshapita njia hiyo. Tulijenga skrini ya kutungia kanuni, masharti ndani ya masharti, tukiamini watu wa fedha wataitumia wenyewe. Hawakuweza. Mwishowe nikawa mimi peke yangu ninayeielewa, na alama moja niliyoiweka pasipostahili iliwaondolea wateja wote punguzo. Hapakuwa na jaribio la kunizuia wala kumbukumbu ya nani alibadilisha nini. Kanuni iliyoandikwa kwenye skrini bado ni msimbo, ila umeivua kinga zake. Viwango, tarehe na majina ya makundi viende kwenye jedwali. Mantiki ibaki kwenye msimbo, penye majaribio.

Na usibashiri kitakachobadilika kesho. Waulize watu wa fedha wamebadilisha nini katika miaka 3 iliyopita, kisha pitia historia ya Git, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, uone mafaili yepi hubadilika pamoja kila mara. Ukikuta mabadiliko mengi yamelenga punguzo na kodi, hayo mawili ndiyo ya kutengewa mahali pake. Skrini ya kuingilia iache ilivyo.

Mpelekee mkuu wako orodha ya mabadiliko hayo kabla ya kikao cha kuandika upya, na umwombe wiki mbili za kwanza ziwe za ankara.